Sauti Mbichi

"Anyisile."

"Nipo."

"Bupe."

"Nipo."

"Lugano."

"Nipo."

Mwalimu Subilaga akaacha kuita majina. Kiganja chake kilikuwa juu ya meza, na vidole vilikuwa vimejikunja ngumi. Haikuwa baridi ya Tukuyu, ingawa ukungu ulikuwa umeingia mpaka darasani. Ilikuwa hasira. Wasichana wa kidato cha tatu walikuwa wakiitika mmoja mmoja, kila mtu kwa zamu yake, lakini sauti ilikuwa ile ile: laini, ya kubembeleza, iliyopakwa utamu kila pembe. Ungedhani binti mmoja tu ndiye aliyekuja shule siku hiyo, naye anakimbia dawati hadi dawati kuwaitikia wenzake.

"Leo mmekuja wangapi?" aliuliza. "Maana mimi namsikia mtu mmoja."

Walicheka. Na kicheko nacho kilikuwa kimoja.

Surua ilimpofusha Subilaga akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Kwa miaka yote aliyofundisha historia katika shule hiyo ya bweni, ilitosha mwanafunzi akohoe nje ya mlango, naye angemwita kwa jina. Alijua nani ameamka na njaa, nani amelia, nani anadanganya. Ndiyo maana alipewa ulezi wa bweni, kwa kuwa wasichana walisema mwalimu huyu hafichiki. Sasa mtu yeyote angeweza kuingia bwenini, akasema "Ni mimi, Mwalimu," na Subilaga asijue kama ni mtoto wake au mwizi.

Chanzo kilikuwa kikoo. Kilikuwa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, wa kubandika kooni. Kwa ndani kilikuwa na nyuzi nyembamba kuliko za buibui, zilizopenya ngozi na kufuata mishipa ya fahamu ya koo. Mtu akikusudia neno, nyuzi zililidaka kabla halijatoka, zikaibana sauti yake, na utando ukalisema lile neno kwa sauti iliyonunuliwa. Walioanza nacho walikuwa washereheshaji wa harusi. Wakafuata mabibi harusi, halafu akina mama wa vikoba, halafu wahubiri. Kila msimu ulikuwa na sauti yake, na msimu huu ilikuwa Asali. Kulikuwa na Asali ya kike na ya kiume, na tofauti yake ilikuwa ndogo kama ya chai na chai ya maziwa. Mwaka juzi kikoo kilikuwa pambo. Mwaka jana kikawa adabu. Mwaka huu ukienda kuomba kazi au chumba cha kupanga kwa sauti uliyozaliwa nayo, watu walikutazama kama uliyetoka bafuni ukasahau khanga. Sauti ya namna hiyo iliitwa sauti mbichi.

Subilaga alikuwa na sauti mbichi, kavu na nene, na alikuwa amekataa kuibadili hata aliponyimwa cheo.

"Fungueni vitabu," alisema. "Na anayeitikia badala ya mwenzake ajue, siku nikimjua, ataniona."

Wakacheka tena, maana wote walijua hatawajua.

*

Mchana ule, walimu wengine wakiwa mezani, mlango wa ofisi yake uligongwa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

Asali ikasema, "Mwalimu, naomba usiniulize jina."

Subilaga aliinua uso. "Haya. Kaa."

"Nasimama tu. Mwalimu, nikibandua kikoo sauti hainitoki. Hata pumzi inapita kwa shida. Na asubuhi natema damu."

Maneno hayo yaliletwa kwa utulivu na utamu, kama tangazo la sabuni. Hakuna mahali yalipotetemeka. Kikoo hakikujua kuogopa, kwa hiyo mwenye kuogopa naye hakuwa na namna ya kuonyesha.

"Damu! Tangu lini? Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Nimekuja kwako kwa sababu huoni."

Neno lile lilimchoma, lakini hakuwa na muda wa kuchomeka. Alisimama akanyoosha mkono. "Twende zahanati. Sasa hivi. Nipe mkono wako, mwanangu."

Alichoshika kilikuwa hewa. Viatu vilikimbia kwenye korido, vikachanganyika na viatu vingine mia, na kila alipoita huko nje, akajibiwa na sauti ile ile.

*

"Mkuu, nataka wasichana wote wapange mstari na wavue vikoo. Leo."

Mkuu wa shule, Mwalimu Kasebele, alikuwa mtu mzito. Kiti chake kililia kila alipopumua. Zamani sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo, ya mtu aliyevuta tumbaku tangu ujanani. Sasa naye alikuwa Asali.

"Taratibu, Mwalimu Subilaga. Nani anaumwa?"

"Sijui. Ndilo tatizo lenyewe! Mtoto amesimama mbele yangu anatema damu, na mimi sijui ni wa nani."

"Kama hujui ni nani, huenda ni utani. Unajua wanavyokutania."

"Huo si utani."

"Umejuaje? Kwa sauti?"

Subilaga aliuma meno. Kasebele aliendelea kwa upole ambao pengine hakuukusudia, maana kikoo kilikuwa kikimwongezea. Jumamosi kutakuwa na mdahalo wa wilaya. Kampuni ya Ulimi Mwema, iliyojenga bweni jipya na kugawa vikoo bure, inaleta wageni wake, na hapo hapo itazindua sauti ya msimu ujao, Marumaru. "Unataka niwaambie nini? Kwamba tumewavua watoto wote kwa sababu ya uvumi? Na wazazi je? Mwalimu, kuna wasichana hapa ambao kabla ya kikoo hawakuthubutu kufungua mdomo. Hilo hulioni?"

"Hilo silioni, Mkuu. Mimi sioni kitu. Nilikuwa nasikia, mkanifunga na masikio!"

Alitoka akaubamiza mlango, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ualimu aliisahau fimbo yake, akarudi kuichukua akiwa amevimba kwa aibu.

Lakini njiani kwenda bwenini maneno ya mkuu yalimganda. Kabla ya kikoo hawakuthubutu kufungua mdomo. Akasimama katikati ya uwanja. Ni mtoto gani angekubali kutema damu kuliko kuirudia sauti yake? Si Anyisile aliyekuwa akiimba kwaya. Si Bupe mpiga soga. Ni yule ambaye sauti yake ilimtesa. Na katika kidato cha tatu alikuwa mmoja tu.

Lugano alikuwa na kigugumizi. Alipokuwa kidato cha kwanza, akisimama kusoma, neno lilimkaba kooni, akalisukuma, likarudi, na darasa zima likapiga mbinja. Wenzake walimwita Pikipiki Mbovu. Siku moja alijifungia chooni hadi jioni. Kikoo kilipokuja, kwa kuwa kilidaka neno kabla halijafika kwenye ulimi, kigugumizi kilikoma siku hiyo hiyo. Ndani ya mwaka Lugano akawa malkia wa midahalo wa wilaya. Ndiye atakayefungua mdahalo wa Jumamosi.

Alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Ni wewe."

"Sielewi, Mwalimu."

"Lugano."

Subilaga alinyoosha mkono polepole hadi shingoni mwa binti. Alikuta utando, na kandokando yake ngozi ya moto, iliyovimba kama jipu.

"Hukitoi usiku? Ulimi Mwema walisema kitolewe usiku."

"Hakuna anayekitoa, Mwalimu. Naota ndoto. Tangu mwanzo niliogopa nikiropoka usingizini watakisikia kigugumizi changu."

"Kesho asubuhi tunakwenda hospitali."

"Kesho ni Ijumaa. Niache mpaka Jumamosi." Sauti ilikuwa tamu, tulivu. Lakini mikono iliyomshika Subilaga ilikuwa baridi na ilimbana hadi kucha zikamwingia. "Mama yangu anakuja. Hajawahi kunisikia nikizungumza mbele za watu akajivunia. Mara moja tu, Mwalimu. Halafu nikate hata shingo."

Subilaga alijua jibu sahihi, na angeweza kulisema kwa hasira zake zote. Badala yake alizisikiliza zile kucha. Akafikiria mtoto aliyejifungia chooni.

"Jumamosi," alisema. "Ukishuka jukwaani tu, tunaondoka."

*

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mada ya mdahalo ilikuwa, "Mitindo ya vijana inajenga jamii." Lugano alikuwa upande wa kutetea. Subilaga aliketi safu ya mbele, pembeni ya mama yake Lugano, ambaye alikuwa akirudia tena na tena kwa Asali, "Huyo ni wangu. Huyo ni wangu."

Binti alizungumza vizuri. Alisema sauti moja imemwondolea maskini alama ya umaskini na mgeni alama ya ugeni, kwamba tangu kikoo kije hakuna tena lafudhi ya kuchekwa. Ukumbi ukashangilia. Subilaga, pamoja na ukaidi wake wote, alikiri moyoni kwamba hoja ilikuwa nzito.

Halafu akasikia kitu kimepungua.

Msemaji yeyote huvuta pumzi. Hata aliyevaa kikoo, nyuma ya Asali kuna pua, kuna kifua. Subilaga alikuwa amejizoesha kusikiliza huko nyuma, ndiko kulikobaki na mtu. Na sasa maneno yalikuwa yanaendelea, laini, mfululizo, lakini huko nyuma hakukuwa na pumzi.

"Ndugu wasikilizaji," Asali ilisema, "siwezi kupumua. Siwezi kupumua. Jamani, nakufa."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Walidhani ni sehemu ya hotuba, mfano wa mtu aliyekandamizwa. Sauti ilikuwa tamu mno kuwa ya mtu anayekufa. Mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele.

"Nyamazeni!" Subilaga alinguruma, akiruka kutoka kitini. "Anakufa kweli! Nyamazeni, wapumbavu ninyi!"

Aligonga kiti, akagonga goti la mkuu wa wilaya, mgeni wa heshima, akapanda jukwaa kwa mikono na magoti. Akasikia mwili ukianguka kama gunia. Alipomfikia na kumwinamia, kikoo kilikuwa bado kinazungumza, maana fahamu zilikuwa bado zinakusudia maneno: "Mama. Mama. Mama," kwa upole, kama binti anayemwamsha mama yake anywe chai.

Kwa muda ambao hakuusahau, makofi yaliendelea.

*

Hospitalini, Daktari Nsajigwa aliongea upesi. Nyuzi za kikoo zilikuwa zimeota ndani ya koo kama mizizi. Misuli ya sauti, iliyokaa bila kazi, ilikuwa imelegea na kuvimba. Alikuwa amemwekea mpira wa kupumulia, lakini usingedumu.

"Njia ni mbili. Nikate nikitoe sasa hivi. Atapona, lakini huenda asiseme tena, au aseme kwa kigugumizi kama zamani. Ya pili, Ulimi Mwema wamepiga simu. Wana fundi wao, yuko njiani kutoka Mbeya. Wanasema anaweza kuzipunguza nyuzi bila kukiondoa. Abaki na Asali yake."

"Na akichelewa huyo fundi?"

"Koo litaziba. Mvua hii, barabara ile… sitaki kuwadanganya."

"Mwenyewe anasemaje?" aliuliza mama yake Lugano.

Wakaingia. Mpira ulikuwa ukikoroma puani, lakini kikoo hakikuhitaji pumzi.

"Msikitoe," Asali ilisema kutoka kitandani. "Tumsubiri fundi. Mama, usikubali."

"Nimesikia, mwanangu."

"Mama Lugano!" Subilaga alifoka. "Utamsikiliza mtoto anayechagua jeneza?"

"Wewe usinifokee!" Maneno yalikuwa makali lakini yalitoka yakiwa na sukari, na hilo likamkasirisha zaidi aliyeyasema, Subilaga alimsikia akipiga mguu chini. "Umewahi kukaribisha wageni, wakaja, mtoto akashindwa kutamka jina lake, wakaondoka wakicheka? Nilikuwa namtuma dukani na karatasi, kama bubu. Leo amesimama mbele ya mkuu wa wilaya. Wewe una mtoto?"

Subilaga hakuwa naye.

Daktari alisukuma mashine mbele yao. Tangu matapeli walipoanza kuuza mashamba ya watu kwa sauti za kununua, serikali ilikuwa imeamua kwamba ridhaa nzito itolewe kwa sauti mbichi tu, mbele ya mashine inayoitambua. Uamuzi wowote, wa kukata au wa kusubiri, ulihitaji mzazi au mlezi auseme kwa koo lake.

Mama yake Lugano alikibandua kikoo chake. Akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa upepo, kama tairi lililochomwa msumari. Akajaribu tena, akashika shingo, akajaribu tena. Mashine ilisema haijasikia mtu. Mwalimu Kasebele, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakivua chake naye. Akakohoa, akakwaruza, haikutoka hata silabi. Korido ile ilikuwa na ndugu, wauguzi, wageni wa mdahalo, watu wazima tupu, na hakuna aliyekuwa na sauti ya kusema ndiyo au hapana.

"Nani mlezi wake wa bweni?" daktari aliuliza.

Wote walijua. Subilaga aliwasikia wakigeuka kumtazama.

Na hapo, ndani ya hasira yake iliyokuwa ikichemka tangu asubuhi ya "nipo, nipo", palifunguka kishimo cha hofu. Alikichukia kikoo. Alikuwa amekichukia kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa kilimpofusha mara ya pili. Sasa anaombwa aking'oe kwenye shingo ya mtoto aliyesema waziwazi hataki. Je, ni Lugano anayemwokoa, au ni Asali anayoilipizia kisasi? Alijaribu kulitafuta jibu safi ndani yake, hakulipata. Na kama angekuwa amesema hapana siku ile ofisini, wasingekuwa hapa.

"Mwalimu," ilisema Asali kitandani, tamu, bila haraka. "Nakuomba."

Mpira wa kupumulia ulikoroma, ukasita, ukakoroma tena. Subilaga aliusubiri mkoromo uliofuata. Ulichelewa.

"Mimi, Subilaga Mwakibete, mlezi wake," alisema kwa sauti yake kavu, na ukuta ukairudisha. "Nakubali akatwe. Kitoeni."

Mama yake Lugano alimshika bega kwa nguvu, kama atakayemsukuma. Hakumsukuma. Alibaki amemshikilia hivyo hivyo mlango ulipofungwa, akitoa ule upepo wake usio na neno.

Hadi giza linaingia, fundi wa Mbeya hakuwa amefika. Maporomoko yalikuwa yameziba barabara.

*

Msimu ulibadilika. Marumaru ilizinduliwa mahali pengine, kwa mbwembwe zile zile, na mji mzima ukaivaa, sauti baridi na ya kung'aa. Watu walisema habari ya Lugano ilikuwa ya kusikitisha, kwa Marumaru, halafu wakaendelea na safari zao. Kasebele alirudi kazini na kikoo kipya. Wasichana wachache tu walikataa kuvaa, na wenzao wakawahamisha vitanda.

Lugano alikaa wodini siku nyingi bila kutamka kitu. Subilaga alikwenda kumwona kila alipopata nafasi, akaketi pembeni. Mama yake, ambaye hakurudia kikoo, alikuwa ameanza kunong'ona, na kwa mnong'ono huo alimsimulia mwalimu kwamba mtoto anageukia ukutani.

Siku moja alikuja kijana wa Ulimi Mwema, na manukato yake yalitangulia mlangoni. Aliweka kitu juu ya kabati.

"Dada Lugano, pole sana. Kampuni inakupa Marumaru bure, ya maisha. Nyuzi zake ni salama, haziingii ndani. Tunaomba tu useme maneno machache ya kuwatia moyo wenzako, tuyarekodi. Ukishapona, bila shaka."

Subilaga alishika fimbo yake. Maneno yote aliyokuwa ameyalimbikiza mwaka mzima yalimjaa mdomoni. Lakini kabla hajayatema, akasikia kitanda kinalia. Lugano alikuwa anainuka.

"T," alisema. "T… t…"

Ilikuwa sauti chakavu, yenye kutu, iliyokwaruzana na maumivu. Ilikwama, ikasukumwa, ikakwama.

"Tunashukuru?" kijana akamsaidia kwa bashasha. "Tutashirikiana?"

"Mwache amalize," alinong'ona mama.

"To… to… toka!"

Kile kitu cha juu ya kabati kiliruka kikagonga ukuta. Kijana alirudi nyuma, akaomba radhi kwa sauti inayong'aa, akaenda zake. Subilaga alihisi furaha kali ikimpanda, akafungua mdomo kumpongeza binti.

"Na we-wewe," Lugano alisema. Sasa hasira ilisikika nzima, hakuna sukari iliyoifunika, na ilikuwa imemlenga yeye. "Ni-nilikuomba. To-toka."

Mwalimu Subilaga alisimama. Hakujitetea. Alitaka kusema kwamba mpira ulikuwa umesita, kwamba barabara ilikuwa imeziba, lakini hayo yote mtoto aliyajua.

"Nimekusikia, Lugano," alisema, akatoka.

Alirudi siku iliyofuata na parachichi kwenye kikapu. Akafukuzwa tena. Alirudi tena, mvua ikiwa imemlowesha hadi mabegani, akasimama mlangoni bila kuingia, naye Lugano akamfukuza. Ilimchukua muda mrefu, alikwama mara nyingi, mama yake hakumsaidia wala Subilaga hakumharakisha, na safari hii alimfukuza kwa sentensi nzima.